Vyombo vya Mtongwe

Mwaka niliorudi Mombasa sikuwa na nia ya kukaa. Nilitoka Tanga, na kabla ya Tanga nilikuwa Maskati, na kabla ya hapo mahali pengine ambapo mpangilio wake umenipotea. Nilipanga chumba Tononoka, karibu na uwanja, kwa kuwa nyumba tuliyokulia Mji wa Kale ilikwisha kuuzwa. Aliyeinunua ameifanya duka la vinyago vya watalii. Nilipita mbele yake mara moja. Mlango ulikuwa ule ule. Mwenye duka akanikaribisha kwa Kiingereza, nikaenda zangu.

Kazi niliipata Kilindini. Njia ya meli ilikuwa ipanuliwe na kuchimbwa chini zaidi ili meli kubwa ziweze kuingia, na kabla ya meli ya kuchota mchanga kufika ilibidi watu wapite kwanza kuangalia chini kuna nini cha kale, kisije kikazolewa pamoja na matope na kwenda kumwagwa bahari kuu. Kikundi kilichopewa kazi hiyo kilitaka mtu wa mashua, wa kushika kamba na kushusha nanga, ambaye pia anaujua Mji wa Kale, maana sehemu ya kazi ilikuwa kuwauliza wenyeji wamesikia nini kwa wazee wao. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka mingi ya kushika kamba. Wakanichukua.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kwenda na kurudi. Mashua yetu ilinyoosha mstari kutoka upande wa Likoni hadi ng'ambo ya magati, ikageuka, ikanyoosha mwingine pembeni yake, siku nzima, huku nyuma tukiburuta kitu cha chuma chenye umbo la samaki. Kitu hicho kilipeleka sauti chini na kuipokea ikirudi, na sauti ikawa picha kwenye kioo cha kompyuta. Sakafu ya bahari ilionekana ya rangi ya chai ya maziwa, imekwaruzwa kwaruzwa na nanga za meli. Kifaa hicho wenyewe walikiita chombo. "Shusha chombo." "Pandisha chombo, tunageuka." Nahodha wetu, mtu wa Likoni ambaye hakuweza kunyamaza kwa muda mrefu, akasema kazi yetu ni rahisi kuieleza nyumbani: chombo kinaburuta chombo kutafuta chombo.

Mtafiti wa mambo ya kale alikuwa mwanamke wa bara, wa miaka thelathini na kitu. Sote tulimwita mwalimu ingawa hakuwa akifundisha. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha vitabuni, na alijua kusalimia bila haraka, jambo ambalo Mji wa Kale ndilo kipimo cha kwanza cha mtu. Siku tuliyoanza kupita majumbani nilimpa shauri moja tu. Nilimwambia asiwaulize wazee kuhusu meli. Meli kwao ni ile ya chuma inayotia nanga Kilindini, haiwahusu. Aulize chombo. Chombo ndicho kilichokuwa na tanga, na ndicho walichokuwa nacho baba zao.

Akafanya hivyo. Barazani tuliambiwa mambo ambayo kila mtu wa Mombasa ameshaambiwa: mizinga, dhahabu, kengele inayolia chini ya maji. Mwalimu alisikiliza yote kwa adabu. Mengi hayakuwa na mahali. Ukiuliza ni wapi hasa, mkono ulipungwa kuelekea bahari yote.

Kisha tukafika kwa bibi mmoja anayekaa katika kichochoro chembamba nyuma ya soko la samaki. Alikuwa amepita miaka themanini, lakini kasi ya maneno haikuwa imempungua. Ndani palikuwa na wajukuu zake wa kike wakipika, kwa hiyo mwalimu aliingia peke yake na mimi nikabaki barazani. Dirisha la juu la nyumba ya mbele lilifunguka. Bibi mwingine, wa umri huo huo, akachungulia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwatafuta nini humo ndani?"

"Vitu vya kale, bibi."

"Basi mumefika. Hakuna cha kale kumshinda huyo." Akacheka peke yake. Halafu akashusha sauti, lakini si sana. "Sikiza, mwanangu. Akiwaambia habari ya vyombo vya mamake, msipoteze siku yenu. Vyombo vile havikuwako. Shangazi yake ni mamangu, na mamangu alikuwako siku ile. Hakuona kitu."

Kutoka ndani sauti ilijibu papo hapo: "Nakusikia! Na mamako alikuwa kipofu!"

"Alikuwa aona kuliko wewe!"

Dirisha likafungwa. Baadaye niliambiwa na mwenye duka la pembeni kuwa wawili hao ni mtu na binti wa shangazi yake, wamezaliwa kichochoro hicho, hupelekeana chakula kila Ijumaa, na ugomvi huo una umri unaowapita wao.

Mwalimu alitoka macho yamemtoka. Alitembea mbio mpaka tukafika barabarani.

"Kaka, nimemuuliza kama ulivyoniambia. Bibi, unajua chombo chochote kilichozama kwenye njia ya meli? Akasema, chombo? Sema vyombo. Vyombo vya mamangu vyote viko chini pale."

"Vya mamake?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikamuuliza, mamako alikuwa na vyombo? Akakasirika. Akasema, ala, kwani mamangu alikuwa mwanamke wa namna gani asiwe na vyombo?"

"Vingapi?"

"Vingi, vikubwa kwa vidogo. Vyengine vya Uchina, vyengine vya Bara Hindi. Vikazama vyote asubuhi moja, kati ya Mtongwe na kisiwa, kwa mawimbi ya meli iliyokuwa ikipita. Akasema vilikuwa vimefungwa kwa vitambaa." Alisimama kidogo. "Nimeandika matanga."

Familia zilizomiliki vyombo zilikuwepo Mji wa Kale, na mwanamke kurithi si jambo la ajabu. Nilipima maneno hayo kwa masikio ya mtu aliyezoea bandari, na kwa mtu huyo chombo ni kitu chenye usukani. Nikaona ni habari kubwa.

"Ameniomba kitu," mwalimu akasema. "Ameshika mkono wangu. Anasema mamake amekufa akiitwa mwongo, na vikishazolewa na ile meli ataitwa mwongo mpaka kiyama. Anataka vionekane tu. Vionekane kabla havijachotwa."

Msimamizi wa kikundi hakushawishika. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayependa kupanga kalamu zake kwa urefu. Akasema kundi la vyombo vya Uchina haliwezi kuzama mbele ya Kilindini asubuhi moja bila mtu yeyote kuliandika. Lakini bibi alikuwa ametaja mahali, na mahali hapo palikuwa kwenye ukingo wa njia ya meli, ule ambao haujawahi kuchimbwa. Wakafungua picha za wiki iliyotangulia. Palepale, kwenye rangi ya chai, palikuwa na kivimbe kidogo chenye kivuli. Si kikubwa. Msimamizi akakitazama sana, akapanga kalamu zake upya, akaweka alama nyekundu.

Tulisubiri maji mafu, zile siku za mwezi ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, na mkondo hupoa kiasi cha mtu kuweza kukaa chini bila kubebwa. Mpiga mbizi alishuka asubuhi na kamera ya kichwani. Sisi tulikaa juu chini ya turubai, tukitazama kioo. Feri za Likoni zilikuwa zikivusha watu kama kawaida, na makontena yakipandishwa na kushushwa upande wa magati. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukija kutazama meli na kubahatisha bendera. Siku hizi uzio hauruhusu mtu kusimama pale bila kuulizwa shida yake.

Kwanza tuliona matope tu. Kisha duara la kijani, limesimama wima, nusu limezama.

"Shaba," mwalimu akasema.

"Ngao?" akauliza msimamizi, na kiti chake kikasogea.

Kamera ikapita. Zikaonekana safu nyembamba nyeupe zimegandana, tumbawe limeota juu yake, na pale ambapo tumbawe halijafika paling'aa rangi ya buluu. Msimamizi akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Kaure. Kaure ya Uchina." Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hata nahodha alikuwa kimya.

Halafu kikaja kipande cha chuma kilichovimba kwa kutu, shingo yake imepinda, ncha imetanuka mfano wa jani, na pembeni mwa ncha hiyo kuna meno. Mpiga mbizi alikaa hapo, bila shaka akifikiri ni kitu cha maana, akatuonesha upande huu na upande ule.

Mwalimu ndiye aliyetamka. Alitamka polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

"Ile si mbuzi?"

"Mbuzi gani?" akasema msimamizi.

"Mbuzi ya kukunia nazi."

Nahodha alipiga kofi usukani. "Manowari ya kukuna nazi! Subhanallah! Adui aliuawa kwa wali!" Akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ndoo.

Baada ya hapo kila kitu kilijieleza chenyewe. Duara la shaba lilikuwa sinia. Safu nyeupe zilikuwa sahani, zimelaliana moja juu ya nyingine hivyo hivyo zilivyofungwa. Palikuwa na mdomo wa birika, na kitu ambacho nahodha aliapa ni upawa. Mbao na vitambaa vilikuwa vimeliwa zamani.

Mwalimu alinigeukia. "Kaka. Vyombo."

"Vyombo," nikasema. "Vya nyumbani. Vya harusi."

"Na yale matanga?"

"Vitambaa. Vya kufungia, visivunjike."

Akajifunika uso kwa viganja viwili. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Msimamizi alicheka pia, lakini kicheko chake kilikwisha mapema kwa kuwa siku za maji mafu zilikuwa chache na hiyo ilikuwa imekwenda. Akauliza harusi ilikuwa ya lini. Bibi mwenyewe ni wa miaka themanini na ushei, na harusi ni ya wazazi wake. Haikufika umri uliotajwa kwenye mkataba ili kitu kiitwe cha kale. Akasema neno moja, "Haimo," akafuta alama nyekundu. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ukingo ungechimbwa kama ulivyopangwa.

Mwalimu akamwomba ruhusa ya kuinua sahani moja.

"Ukiinua sahani, huo ni uchimbaji. Uchimbaji una kibali chake, na kibali hicho hatuna. Tukianza kuinua kila sufuria iliyoanguka Mombasa, meli zitaingia lini?"

"Moja tu. Kwa ajili ya yule bibi."

"Nimeelewa ni kwa ajili ya nani," akasema. "Hapana."

Siku ya pili yake tulirudi kichochoroni. Mwalimu alitaka kwenda kumweleza bibi mwenyewe. Njiani aliniuliza kama bibi angechukia kusikia kwamba tulidhani mamake alikuwa na jeshi la majini. Nikasema sidhani.

Safari hii bibi alinikaribisha na mimi, akatuketisha ukumbini. Hakungoja salamu ziishe.

"Mumeviona?"

"Tumeviona, bibi," mwalimu akasema.

Bibi aliketi na yeye. Akaitengeneza leso yake kichwani, akaitengeneza tena. Kisha akatusimulia habari ambayo mwalimu alikuwa ameisikia nusu, mara hii kwa utulivu. Mamake alikuwa wa Mtongwe, mtoto wa watu wasio na kitu. Babake alikuwa wa kichochoro hiki. Siku ya kuletwa mjini wakavuka kwa mashua mbili, moja ya watu na moja ya vyombo. Ya watu ikafika. Ya vyombo ikapinduka katikati. Waliokuwamo waliokolewa wote na wavuvi, wakapelekwa ufuoni, wakapewa uji, na walipofika mjini ilikuwa jua kali na nguo zao zimeshakauka.

"Wakwe wakawatazama. Wakasema, nyinyi mumezama? Mbona hamkuroa?" Bibi akatikisa kichwa. "Basi. Likawa ndilo neno. Aliingia mikono mitupu, na hadithi juu yake. Mamangu aliishi nyumba hii, akapika nyumba hii, akazaa nyumba hii, na alikufa akila kwenye sahani za watu. Na kila harusi kichochoroni, huyo wa mbele na mamake kabla yake: sisi vyombo vyetu viko kabatini, wenzetu vyao viko kwa papa."

Mwalimu akamweleza kwamba havitainuliwa. Alimweleza taratibu na bila kuficha: kipimo cha umri, kibali, meli inayokuja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Hata sahani moja?"

"Hata moja, bibi. Niliomba."

"Basi mumeviona nyinyi," bibi akasema. "Nyinyi mwaenda zenu. Huyo ataona nini?"

Mwalimu alitoa simu yake. Picha za kazi zilikuwa si za kugawa mpaka ripoti ipite, na alilisema hilo, kwamba hawezi kuziacha. Lakini hakuna aliyemkataza kuonesha. Bibi alizitazama picha akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Aligusa kioo, picha ikaruka, akaomba irudishwe. Hakusema kuwa ni nzuri wala hakulia. Alirudia sinia mara nyingi kuliko sahani. Kisha akainuka, akaenda dirishani.

"Ewe! Ndoo huku!"

"Nina chungu motoni!"

"Kiteremshe! Ndoo uone vyombo!"

Kikasikika chungu kikiteremshwa. Halafu mlango wa mbele ukasikika, na binti wa shangazi akaingia, kajitanda, amejitayarisha kwa vita. Alituitikia salamu zetu zote, moja moja, kisha akaketi. Mwalimu akampa simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu na pua, akaisogeza tena.

"Mato yangu hayaoni. Naona mchanga."

"Chini ya kidole chako, bibi," mwalimu akasema. "Hilo ni sinia. Hizi ni sahani. Hii ni mbuzi."

"Mbuzi naijua mbuzi. Hapa ni wapi?"

"Mbele ya Mtongwe. Kwenye njia ya meli."

"Mumepiga nyinyi?"

"Sisi wenyewe. Jana."

Bibi wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na wajukuu nyuma yake, mmoja na mwiko mkononi. Hakuna aliyekuwa akipika tena. Binti wa shangazi alitazama picha ya sinia kwa muda mrefu. Akairudisha ya sahani, kwa kidole chake mwenyewe, maana alikuwa ameshajifunza. Midomo yake ilikuwa ikienda kidogo, nikadhani anasoma dua, kumbe alikuwa anahesabu.

Mwishowe akamrudishia mwalimu simu, akajishika goti.

"Vichache," akasema.

Bibi wa nyumba aliruka kama aliyechomwa. "Umesemaje?"

"Nimesema vichache. Sinia moja? Kwa harusi ya mji mzima, sinia moja? Na sahani hizo hata watu wa nyumba moja haziwatoshi."

"Umesikia?" Bibi akanishika bega, akanitikisa, halafu akamtikisa mwalimu. "Mumesikia, wanangu? Kasema vichache! Miaka yote havikuwako, leo ni vichache!"

"Ni vichache kweli," akasema mwenzake, bila kurudi nyuma hata kidogo. "Na birika halina kifuniko."

"Kifuniko kiko chini ya matope! Na masinia mengine yako chini ya matope!"

"Waonaje chini ya matope, wewe una mato ya kamba wa baharini?"

Wakaendelea hivyo. Waligombania idadi, wakagombania kama buluu ile ni ya Uchina au ni ile ya rahisi iliyokuwa ikiuzwa madukani kwa Wahindi, na mjukuu mwenye mwiko akaanza kucheka akajificha. Ilipoadhiniwa alasiri walikuwa bado wamo humo. Mimi na mwalimu tuliaga, lakini sina hakika kama walitusikia.

Kazi yetu ikaisha muda si mrefu baadaye. Mwalimu alirudi bara. Mimi nilipata kibarua katika ghala moja la kuhifadhi samaki kwa barafu, kwa miezi michache, na ndipo meli ya kuchota mchanga ilipofika. Niliiona kutoka ufuo wa Kizingo: kubwa, pana, isiyo na sura, ikienda polepole kama ng'ombe anayekula. Siku ilipofika upande wa Mtongwe nilikwenda kichochoroni baada ya kazi. Niliona ni haki bibi aambiwe na mtu anayemjua.

Nilimkuta barazani akichambua mchele. Nikamwambia meli imefika mahali pale, na kwamba kufikia kesho hakutakuwa na kitu.

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa kichochoroni.

"Nawachote," akasema. "Vimeshaonwa."

Dirisha la juu la nyumba ya mbele lilikuwa wazi. "Vichache!" sauti ikasema kutoka ndani.

Bibi hakuinua kichwa, lakini ungo ulikuwa ukitikisika magotini pake kwa kicheko, na mchele ukimwagika.